Kikombe cha Kumi na Nne

Mashine moja, siku moja, watu wawili rumande. Hilo ndilo lililomwondoa Inspekta Thadeus Machogu kitini asubuhi ya Jumatatu kabla hajamaliza chai yake, naye hakuwa mtu wa kuacha chai ovyo.

Mtu wa kwanza alikuwa Esnah Kemuma, mke mdogo wa marehemu Josiah wa Nyansiongo. Wiki moja nyuma Josiah alikunywa maziwa mgando nyumbani kwa Kemuma, akaanza kutapika, na kabla gari la kumpeleka hospitali halijapatikana akawa amekata roho. Ndugu yake, Ombui, alipiga kelele mpaka chifu akaja: mke mdogo amemtilia sumu. Polisi walichukua kibuyu cha maziwa. Kemuma mwenyewe akaingia chumbani, akatoka na chupa ya dawa ya tumbo aliyokuwa akinywa mumewe, akawaambia, "Chukueni na hii. Chukueni vyote alivyokunywa." Vyote viwili vilipelekwa Maabara ya Majosho mjini Kisii, maana kungoja majibu ya Nairobi ni kazi ya miezi. Jumamosi majibu yakaja. Maziwa yana arseniki, sumu ile ile inayotiwa kwenye josho la ng'ombe kuua kupe. Dawa ya tumbo ni safi.

Jumatano Kemuma angesimamishwa mbele ya hakimu, kisha apelekwe Kisumu kwa jaji. Shtaka la kuua lina adhabu moja tu, nayo ni kamba.

Mtu wa pili alikuwa Angwenyi, mlinzi wa josho huko Ogembo, aliyeletwa Jumapili jioni shati limechanika mgongoni. Maabara hiyo hiyo, siku hiyo hiyo ya Jumamosi, ilisema maji ya josho lake hayana dawa hata chembe. Wafugaji wakamkamata kwa wizi. Lakini pipa jipya la dawa lilikuwa limemwagwa humo Alhamisi mbele ya macho ya chifu na kijiji kizima.

"Sasa ningeitoaje, afande?" Angwenyi alimuuliza Machogu kupitia nondo. "Dawa imeshaingia kwa maji. Niichuje na leso ya bibi yangu?"

Konstebo aliyekuwa zamu alicheka. Machogu hakucheka. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, mzaliwa wa Sironga, na alikuwa na tabia mbaya ya kutoamini kitu chochote kilichosifiwa mara mbili. Na mashine ya Maabara ya Majosho ilikuwa imesifiwa zaidi ya hapo. Sumu ilikuwa imekosekana ilipotakiwa iwepo, ikaonekana isipotakiwa. Alichukua kofia yake akatoka.

*

Mkuu wa maabara, Bwana Cleophas Nyamusi, alikuwa amesoma ng'ambo na hakupenda watu wasahau. Alimpokea Machogu mlangoni akiwa na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Umekuja kuiona," alisema, kana kwamba ni mtoto mchanga amezaliwa.

"Nimekuja kuielewa," Machogu alijibu.

Bwana Nyamusi hakungoja aulizwe. Zamani, alisema, fundi wake Manasseh alipima sampuli moja moja, akatazama rangi kwa jicho, akaandika kwa kalamu. Jicho huchoka, kalamu huteleza. Sasa hapa kuna sahani ya duara yenye vikombe vidogo arobaini pembezoni. Sahani inazunguka, kikombe kimoja baada ya kingine. Mrija unafyonza maji kidogo, yanachanganywa na dawa, yanapita mbele ya taa, na chombo hiki kinasoma rangi yake. Kisha waya huu, akauonyesha kwa kidole kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba lake, unapita kwenye tundu la ukuta hadi ofisini kwangu. Huko kuna mashine ya kuchapa. Inachapa namba ya kikombe na kiasi cha sumu kilichomo.

"Ofisi inafungwa, ufunguo ninao mimi. Kutoka kikombe mpaka karatasi, Inspekta, hapaingii mkono wa mtu."

"Hiyo mashine ya kuchapa inajuaje kuwa hiki ni kikombe cha ngapi?"

"Inahesabu. Kila kipimo kikifika, inakipa namba inayofuata."

"Kwa hiyo haikioni kikombe."

"Haihitaji kukiona. Vyombo vimeunganishwa."

"Kwa hiyo vinaaminiana," Machogu alisema, akainama kutazama sahani.

Alikagua chumba kwa utaratibu wake wa siku zote, kuanzia mlangoni akizunguka kwa mkono wa kulia. Mlango mmoja, kufuli nzima, kitasa hakina mkwaruzo. Meza, chupa, sinki. Dirishani kioo kimoja kilikuwa kimevunjika na pengo kuzibwa kwa kipande cha katoni. Aliisukuma katoni, akaona nondo za chuma nje yake, zote imara na zenye kutu ya miaka. Hapo mtu hapiti, labda paka.

"Hiki kioo?"

"Mvua ya mawe ya Ijumaa usiku. Hukuisikia?"

Machogu alikuwa ameisikia. Alikuwa kituoni usiku ule, na mawe yaligonga bati mpaka mahabusu wakaanza kusali. "Na usiku huo mashine ilikuwa inafanya kazi?"

"Usiku kucha. Sampuli zenu zilifika Ijumaa mchana na barua ya haraka, tukaziweka pamoja na za majosho na za maziwa ya wakulima. Siku nyingine tunaanza asubuhi na jioni tumemaliza. Siku hiyo tulianza alasiri kwa sababu yenu. Kibuyu kikawa kikombe cha kumi na nne, ile chupa ikawa cha kumi na tano. Manasseh alisimamia mpaka jioni, Nyamongo akapokea zamu mpaka asubuhi. Jumamosi adhuhuri nilifungua ofisi nikakuta karatasi imejaa."

Kisha Bwana Nyamusi alimsogelea, akapunguza sauti. "Sipendi kusema. Lakini huyu Nyamongo, dada yake ameolewa na yule Ombui, ndugu wa marehemu. Mimi sisemi kitu. Nakwambia tu."

Mtu anayesema hasemi kitu huwa ameshasema. Machogu aliomba chumba, kiti na Nyamongo.

*

Nyamongo aliingia akitabasamu. Alikuwa kijana wa suruali pana chini, nywele zimechanwa juu kwa mtindo wa Nairobi, na aliketi kabla hajaambiwa aketi.

"Ombui ni nani kwako?" Machogu alianza.

Tabasamu lilipungua. "Ni shemeji."

"Mnasalimiana?"

"Tunasalimiana, afande. Shemeji si adui."

"Aliwahi kukwambia angefurahi maziwa yakionekana na sumu?"

"Yaya, hapana! Hata hajui mimi nafanya hapa. Anadhani nauza dawa."

"Ijumaa ulipokea zamu saa ngapi?"

"Jioni. Kama kawaida."

"Ukakaa hapa mpaka asubuhi."

"Hapa hapa. Mashine ikinguruma, mimi naangalia."

"Uliketi wapi?"

"Pale, kando ya dirisha. Kuna hewa."

Machogu alitikisa kichwa taratibu, akatazama nje. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za mahindi, "Kioo kilipovunjika kilikukata?"

"Kioo gani?"

"Cha dirisha hilo ulilokaa kando yake."

Nyamongo aligeuza macho kuelekea mlango wa chumba cha mashine, asione kitu kutoka pale alipoketi. "Ah, kile. Kile kilivunjwa na... kilikuwa na ufa toka zamani."

"Usiku ule mvua ilikuwaje?"

"Ya kawaida, afande. Manyunyu."

"Ilinyesha mawe, Nyamongo. Migomba ya hospitali imebaki vijiti. Kioo kilianguka juu ya kiti unachosema ulikikalia. Mji mzima haukulala isipokuwa wewe, na wewe ndiye uliyekuwa macho."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Nyamongo iliishia hapo. Alisugua magoti yake. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na Machogu alihisi, kwa furaha ambayo hakuionea haya, kwamba amemshika mtu aliyebadilisha vikombe.

"Ulikuwa wapi?"

"Keroka. Kwa wazazi wa mchumba wangu. Wazee walichelewa kumaliza maneno, basi likanipita, nikalala huko." Alisema haraka sasa. "Nilirudi Jumamosi alfajiri na lori la maziwa. Nikafungua. Nikakuta mashine imezima."

Machogu aliacha kuandika. "Imezima?"

"Kimya. Taa ya sahani haiwaki. Nikasema ni umeme, mvua imekata umeme. Nikabonyeza swichi ikaamka, ikaendelea pale ilipokuwa imefika. Nikashukuru Mungu, nikafagia vioo nje, nikakaa."

"Juu ya kile kiti?"

"Nilisimama, afande. Kiti kilikuwa na maji."

"Hukumwambia Bwana Nyamusi?"

"Nimwambie nini? Kwamba sikuwa hapa? Kazi yenyewe nimepata juzi."

Uongo wa kwanza wa kijana huyu ulikuwa na manukato, maneno ya sasa yalinuka jasho la ukweli. Lakini jambo moja halikukaa sawa. Maabara, hospitali na kituo cha polisi vilitumia laini moja ya umeme, na Ijumaa usiku ule, mawe yakianguka na mahabusu wakisali, taa za kituo hazikuzimika hata mara moja. Umeme haukukatika. Mkono wa mtu ulizima mashine, katika chumba chenye kufuli nzima na funguo mbili tu, za mafundi wawili wa zamu. Mmoja ulikuwa Keroka, mfukoni mwa Nyamongo.

"Niitie Manasseh," alisema.

*

Manasseh alikuwa mtu wa makamo aendaye uzeeni, mzee wa kanisa la Wasabato, mrefu, shati limefungwa kifungo cha juu kabisa. Hakuketi mpaka alipokaribishwa. Mikono yake aliiweka juu ya magoti.

"Bwakire, mzee."

"Bwakire buya."

"Ijumaa jioni uliondoka hapa mashine ikiwa katika hali gani?"

Manasseh alifikiri. "Niliiacha kama inavyopaswa kuachwa."

Hapo Machogu aliinua macho. Alikuwa amewahoji waongo wengi maishani mwake, na mwongo hujibu swali moja kwa moja, tena kwa haraka. Mtu asiyetaka kusema uongo ndiye anayetafuta maneno ya kupitia kando. Mzee huyu alikuwa akificha kitu, na alikuwa akikificha kwa uaminifu, jambo ambalo linamtia mpelelezi wasiwasi kuliko uongo wa kawaida.

"Ilikuwa inanguruma au imenyamaza?"

Manasseh aligusa kifungo cha juu cha shati lake.

"Mzee, kuna mwanamke kituoni. Jumatano anapelekwa kwa hakimu. Kilichomfunga ni mashine hii. Kama kuna mtu aligusa vikombe, nitamjua. Wewe una ufunguo."

"Sikugusa kikombe." Sauti yake ilipanda. "Nyasae, Mungu wetu, ni shahidi yangu, sikugusa kikombe hata kimoja."

"Uligusa nini?"

Manasseh alitazama mikono yake. Machogu aliacha Kiswahili cha ofisini, akasogeza kiti, akauliza kwa Ekegusii, polepole, kama anavyoulizwa mtu mzima nyumbani kwake. Ijumaa ile, jua lilipokaribia kuzama, mashine ilikuwa ya nani?

Mzee aliinua kichwa. Ilionekana wazi kuwa tangu siku hiyo alikuwa akingoja mtu amuulize hivyo hivyo.

"Yangu," alisema. "Vikombe nilivijaza mimi. Nyamongo hakuwa amefika, na Sabato huingia jua likizama; jua halingoji Nyamongo. Omwana one, mwanangu, amri haisemi mtu apumzike peke yake. Inasema apumzike na mtumishi wake, apumzike na ng'ombe wake. Zamani nilikuwa napima kwa mkono. Ijumaa jioni naosha mikono, nakwenda nyumbani, hakuna aliyeniuliza. Sasa nimepewa kitu kinachofanya kazi yangu mimi nikiwa nimeketi. Kikifanya kazi usiku wa Sabato, ni nani amefanya? Si mimi?"

"Ukaizima."

"Niliipumzisha. Ilikuwa imemaliza kikombe cha tisa, nikazima sahani. Jumamosi jua lilipozama nikarudi kuiwasha ikaendelee, nikakuta imeshamaliza yote. Nikasema basi, Nyamongo ameiwasha, ni juu yake na Mungu wake."

"Ulizima sahani. Na mashine ya kuchapa?"

"Hiyo imefungiwa kwa Bwana mkubwa. Sina ufunguo."

Machogu alisimama. Sahani ililala usiku kucha kwa dini, na mashine ya kuchapa, huko ilikofungiwa, ilikesha ikisubiri namba ya kumi. Mmoja ni Msabato, mwingine si muumini. Kisha akaja Nyamongo, Mkatoliki, kutoka uchumbani akabonyeza swichi.

"Bwana Nyamusi!" aliita. "Jaza vikombe."

*

Alipeleka konstebo kituoni kuleta mabaki ya kibuyu na ya chupa yaliyorudishwa Jumamosi, na wakati wa kungoja wakafanya jaribio la maji. Vikombe vyote vilijazwa maji ya bomba, isipokuwa cha saba, kilichotiwa maji ya josho. Bwana Nyamusi alifanya hivyo kwa uso wa mtu anayeambiwa mtoto wake ana kigugumizi.

Sahani ilizunguka. Ukutani, upande wa pili, mashine ya kuchapa ikagonga. Moja, safi. Mbili, safi. Ya tatu ilipogonga, Machogu alimwashiria Manasseh.

"Ipumzishe kama Ijumaa."

Manasseh alizima. Wakakaa, watu wazima wanne wakitazama sahani isiyokwenda. Kisha Machogu akamwambia Nyamongo, "Iwashe kama Jumamosi."

Nyamongo alibonyeza swichi. Taa iliwaka, sahani ikashtuka, ikaruka kikombe kizima bila mrija kushuka, ndipo ikatulia na kuanza kufyonza. Mtu asiyekodoa macho asingeona kitu.

"Imeruka," Manasseh alinong'ona.

"Inatafuta mahali pake," Bwana Nyamusi alisema haraka. "Ni kawaida. Yule Mzungu aliyeifunga alisema tusiizime katikati..."

Walihamia ofisini, wakasimama juu ya mashine ya kuchapa kama watu wanaongoja maharagwe yaive. Nne, safi. Tano, safi. Kisha ikagonga sita, na mbele ya sita ikachapa sumu nyingi kuliko josho lolote. Saba ikaja safi kabisa.

Sumu ilikuwa kwenye kikombe cha saba. Mashine ilikuwa imekitwika cha sita.

"Tangu pale ilipozimwa," Machogu alisema, "kila kikombe kimebeba mzigo wa jirani yake. Na kwa kuwa sahani ni duara, mwisho inarudi kwenye kikombe cha kwanza, hesabu inatimia arobaini na hakuna anayeona pengo. Kikombe kilichofuata josho la Ogembo kilikuwa na nini?"

Bwana Nyamusi hakuhitaji kuangalia. "Maziwa ya mkulima," alisema kwa sauti ndogo. "Safi."

"Basi Angwenyi anakwenda nyumbani leo. Na kikombe cha kumi na nne kilipewa majibu ya kumi na tano."

Nyamongo ndiye aliyeuliza, "Ya chupa?"

Konstebo alirudi na mfuko. Machogu alisimamia kwa macho yake kila tone lilipomiminwa, sahani ikawashwa tangu mwanzo, na hakuna aliyeigusa. Maziwa ya kibuyu yalichapwa safi. Dawa ya tumbo ilichapwa arseniki, nyingi, ya kumtosha mtu na ng'ombe wake.

Manasseh alikuwa ameketi kwenye kiti kile cha kando ya dirisha, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti, na hilo lilimwumiza zaidi.

"Afande," konstebo alisema akifungasha chupa, "hii chupa jana nusura niitoe. Yule mama mkubwa, Orpah, mke wa kwanza wa marehemu, aliiomba. Alisema anataka awe na kitu cha ukumbusho cha bwana yake. Nikamwambia mpaka wewe uruhusu."

Machogu aligeuka. "Aliomba kibuyu pia?"

"Hapana. Chupa tu."

Orpah wote walimjua. Mara tatu wiki hiyo alikuja kwa basi kutoka Nyansiongo, mwanamke mnene, mtaratibu, akimletea Kemuma uji na nguo safi. Binti zake wote walikuwa wameshaolewa, na sasa ndiye aliyebaki na watoto wawili wa kiume wa Kemuma. Polisi walimtolea mfano: wake wenza wa siku hizi wangekuwa hivi, engareka, ule wivu wao, ingekwisha Kisii nzima. Machogu mwenyewe aliwahi kumpisha kwenye benchi.

Kwa siku zote hizo hakuna aliyeuliza chupa ilitoka wapi. Ilikuwa safi, na kitu safi hakina maswali. Machogu alijiona mpumbavu, na akatembea kwa hasira mpaka kituoni.

*

Kemuma aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa pekupeku, leso imefungwa kifuani. Machogu alimwondoa askari, akafunga mlango, akasema kwa Ekegusii bila kuzunguka, "Maziwa yako ni safi, mama. Mashine ilikosea."

Mwanamke alifunika uso. Mabega yalitikisika muda mrefu, na Machogu akamwacha alie, kwa sababu ilikuwa haki yake na kwa sababu swali lililofuata hakulipenda.

"Nilijua," Kemuma alisema hatimaye, akipangusa macho. "Nilijua Nyasae hatanyamaza. Nitakwenda nyumbani leo?"

"Hakimu ndiye atasema, nami nitakwenda kwake kabla ofisi haijafungwa. Kwanza niambie. Ile chupa ilitoka hospitali gani?"

"Si ya hospitali. Mama Orpah ndiye aliileta. Bwana yetu alikuwa akilalamika tumbo, akasema hii ilimsaidia yeye."

"Aliileta lini?"

"Asubuhi ile ile. Akaniambia nimpe kijiko kabla hajala, halafu maziwa, ili isimchome." Alisimama ghafla katikati ya maneno. Macho yake yalitoka kwenye uso wa Machogu yakaenda ukutani, yakarudi. "Chupa ina nini, afande?"

Machogu aliinamisha macho.

"Mimi ndiye niliyemnywesha," Kemuma alisema. "Kwa mkono huu. Alikuwa anakataa, nikambembeleza kama mtoto."

"Wewe hukujua."

"Kwa nini afanye hivyo? Hatukugombana. Hata siku moja hatukugombana."

"Marehemu alikuwa amesema lolote juu ya shamba?"

Alifikiri, na kadiri alivyofikiri sauti yake ilizidi kushuka. "Alitaka kuligawa kabla ya mavuno. Alisema upande wa mto utakuwa wa nyumba yangu, kwa sababu ya vijana. Nyumba ya Mama Orpah haina kijana. Alisema mama huyo atakaa hapo alipo mpaka afe, basi."

"Sasa nyumba yake ina vijana wawili," Machogu alisema.

Kemuma alimtazama. Kwa muda alionekana hajaelewa, kisha akaelewa yote kwa mkupuo, mume na kitanzi na watoto, na akashika ukingo wa meza. Machogu alikuwa ameshafungua mlango, akiita gari la Nyansiongo na askari wanawake, lakini sauti ya Kemuma ilimrudisha. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akisema kama anayejielezea mwenyewe jambo gumu.

"Jana alikuja. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, wamezoea kwake, wanakula vizuri. Akasema yule mdogo alikuwa akilia usiku, lakini sasa ameacha, sasa anamwita yeye mama. Nilimshukuru, afande. Nilimshika mikono yote miwili, nikamshukuru."